Mtungi Chini ya Ukuta wa Jiko

Ndugu zangu, nyumba hii mngeipenda. Jumapili mchana mwashi na shemeji yake, fundi redio, walikuwa uani wakisaka sarafu za shaba. Fundi redio alitangulia na mashine ya kutambua vyuma, akiipitisha taratibu juu ya ardhi, hedifoni masikioni. Akisikia mlio ananyoosha kidole, mwashi anachimba. Mke wa mwashi, ambaye ndiye dada wa fundi redio, aliwaletea chai huku akiwacheka: "Wanaume wazima, mnachezea udongo!" Sarafu tano za zamani, zenye ukoko wa kijani, zilikwisha kuingia kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Zote zilikuwa za wote wawili, na hakuna aliyetaka waandikishane.

Basi mwashi akaenda kunyoa. Kinyozi, ambaye tangu azaliwe hajachimba hata shimo la taka, akamwambia kwa uhakika wote: "Sarafu za kale hazikai mojamoja, fundi. Wenyewe walizika mtungi mzima. Na atakayeusikia huo mtungi ni mwenye hedifoni, siyo mwenye jembe."

Mwashi alirudi nyumbani na kichwa kimenyolewa vizuri na kimejaa takataka.

Jumapili iliyofuata alimtazama shemeji yake kwa jicho jingine. Mbona amesita pale chini ya kamba ya nguo, kisha akapita? Mbona ametabasamu? Na kwa nini spika ya mashine imekufa na haitengenezwi, ilhali mwenyewe kutwa anatengeneza spika za watu?

"Shemeji, hapo umesikia nini?"

"Kizibo cha soda."

"Umejuaje, na hatujachimba?"

"Mlio wake mwembamba. Hebu vaa mwenyewe usikie."

Alivaa, akasikia makelele matupu. Mtu mwingine angekiri kwamba sikio lake halijazoea. Yeye akaamua kwamba shemeji amevuruga vibonye makusudi. Mnaona shaka ilivyo? Ukificha, wewe mwizi. Ukionyesha, wewe mwizi mjanja.

Karibu na ukuta wa jiko fundi redio alisimama, akarudi nyuma, akapitisha mashine tena. Kisha akasema, "Hapa hamna kitu, twende mbele." Mwashi akaitikia "haya," lakini moyoni alikwisha kuuona mtungi.

Siku mbili baadaye mkewe alikuwa anatoka na kapu la mboga.

"Unampelekea kaka yako mboga au habari?"

"Baba watoto, yule ni ndugu yangu."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Mwanamke aliweka kapu chini, akarudi ndani. Iliniuma kusikia hivyo, maana mke huyo hakuwahi kumkosea mumewe.

Jumatano asubuhi mwashi hakwenda kazini. Alichukua sururu, akaanza kuchimba chini ya ukuta wa jiko. Mtu aliyejenga nyumba za watu miaka ishirini, anayewafokea vibarua wakichokoa msingi, aliuchimbua msingi wake mwenyewe. Mkewe alikuwa ndani, sufuria jikoni.

"Unafanya nini huko nje?"

"Hayakuhusu."

Angesema ukweli, mkewe angetoka. Lakini aliogopa habari zisije zikamfikia shemeji.

Sururu iligonga chuma. Mwashi akapiga tena kwa furaha, na maji yakamrukia usoni. Lilikuwa bomba. Udongo uliolowa ukameguka, na ukuta ukaangukia ndani.

Fundi redio, ambaye kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, ndiye aliyefika wa kwanza. Aliondoa matofali kwa mikono mitupu. Mguu wa dada yake ulikuwa umevunjika mahali pawili. Walipokwisha kumpakia garini, ndipo alipoliona shimo.

"Nilisikia bomba, shemeji," alisema. "Ndiyo maana nikakwambia hamna kitu. Si ungeniuliza tu?"

Mwashi akaenda kufunga maji ya bomba.

Dada mtu akaenda kuuguzwa kwa kaka yake. Wiki ya tatu mwashi alikwenda huko na kopo zima la sarafu, pamoja na vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa. Shemeji alimpa kiti, lakini kopo hakuligusa. Mwashi akamnyooshea mkewe vidonge. Mkewe alishukuru kwa adabu, kisha akampa kaka yake pakiti.

"Kaka, hebu nisomee kwanza. Hivi ni vya nini?"

Na mwanamke yule, ndugu zangu, kusoma anajua vizuri kabisa.

FUNZO

Ukiwa na shaka na mwenzako, mkabili umuulize, na jibu lake ulisikilize kabla hujashika sururu. Tamaa ya kitu ambacho hata hujakiona isikufanye umwone mwizi mtu unayekula naye. Na ukiwafundisha watu wa nyumbani mwako kushukiana, jua kwamba nao watakushuku wewe. Ukuta wa jiko mwashi aliujenga upya kwa siku mbili. Mkewe bado hajarudi.