Asali Iliyopimwa kwa Sauti

Kila asubuhi mke wa mrina asali huchuja asali kwa kitambaa safi, mumewe akiosha chupa. Kazi hiyo ndiyo iliyowalea watoto wao.

Siku moja mwenye duka aliyenunua asali yao alirudisha chupa zote. Asali ilikuwa imechacha. Povu lilikuwa limeinua vifuniko.

"Mmetia maji, shemeji," alisema. "Mnaniharibia jina."

Uso wa mke wa mrina uliwaka. Hakuwa ametia hata tone. Lakini kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa umeshasikia.

"Twende kwa dada yangu, kwenye kiwanda cha kusindika asali," mumewe alimwambia. "Huko wanapima asali."

Wifi yake aliwapokea kwa utani. "Mmeniletea chupa moja tu? Ubahili gani huu?" Alipoona nyuso zao, akaacha utani, akasikiliza kisa chao. Akamimina asali kwenye kikombe cha chuma chenye vihisi viwili vinavyotazamana.

"Kihisi hiki kinatoa sauti nyembamba mno, masikio yetu hayaisikii," alieleza. "Kile kinaipokea. Kwenye asali nzito sauti hupita haraka. Maji yakizidi, mwendo unapungua. Kifaa kinapima na joto, maana joto nalo hubadilisha mwendo wa sauti."

Namba ikatokea. "Wifi, maji yamezidi."

"Sikutia maji, wifi."

"Nakuamini. Kifaa kinajua maji yapo, hakijui yametoka wapi. Masega mliyakata yakiwa yamefunikwa na nta?"

Mrina akajikuna kichwa. "Mengine yalikuwa wazi. Niliiwahi mvua."

"Basi ndiyo hapo. Nyuki hupunguza maji kwanza, kisha hufunika sega. Wewe kaka umepakua chakula kingali jikoni."

Mke wa mrina akacheka. Moyo ulikuwa umemtua.

Msimu uliofuata alivaa mwenyewe nguo za kinga, akafuatana na mumewe mizingani.

"Hili je?" mumewe aliuliza, akiinua sega lililofunikwa nusu.

"Bado. Lirudishe. Mvumilivu hula mbivu, baba watoto."

Walikata masega yaliyofunikwa tu. Ndoo walizifunga barabara, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewani.

Mwenye duka aliitwa kiwandani ashuhudie kipimo. Wifi alimimina asali, akasoma namba, akatabasamu.

"Sauti imepita mbio. Asali imeiva, haina maji ya ziada."

Mwenye duka akashusha pumzi. "Nilikukosea, shemeji. Na mtaani nitasema hivyo hivyo. Ndoo zote nazichukua mimi."

"Utapata nusu," alijibu mke wa mrina, kichwa juu. "Nusu nyingine kiwanda kimeshaiomba."