Karatasi Arobaini

Simu ya kibanda pale Likoni ilikuwa imemmezea Mwanakheri sarafu ya mwisho, naye akawa anaipiga makofi, buibui limemteleza begani.

"Dada, usiiue," alisema mwanamume nyuma yake, shati lake la kijani limetobolewa na cheche. Akachokoa kwa bisibisi, sarafu ikaanguka.

"Wewe mwizi wa simu?"

"Fundi wa redio. Mwizi angekuwa na viatu."

Mwanakheri akacheka. Mwaka ulikuwa 1994, na hivyo ndivyo alivyompata Tsuma.

Tsuma alikuwa amebuni njia ya kuilaza simu ya mkononi isipotumika, betri idumu. Mwanakheri, karani wa kupiga chapa, akamchapia maelezo. Tsuma akauza shamba la mamake apate ada ya kusajili hataza, hati ya kumiliki uvumbuzi wake, ili kila kampuni itakayotumia njia ile imlipe mrabaha.

"Mrabaha wa kwanza ni mahari yako, Kheri."

Kabla maombi hayajapelekwa, yakaja maonyesho ya biashara. Kwa fahari, bila kumwuliza, Mwanakheri akapeleka huko nakala arobaini za maelezo yale, akazigawa kama kadi za harusi.

Baada ya miaka mitatu njia ile ikaingizwa katika kanuni za simu za dunia nzima. Tsuma akadai haki yake. Kampuni ya ng'ambo ikamjibu kwa barua fupi, imebanwa na moja ya zile karatasi: kwa sheria yao, kilichogawiwa hadharani kabla ya kusajiliwa hakina mwenyewe.

Tsuma alimfuata Mwanakheri ofisini na karatasi mkononi.

"Nani alikununua?"

"Wallahi, sikupokea hata soda! Nilitaka watu wakujue."

"Wamenijua."

Akaondoka. Mwanakheri akaenda kwa mamake Tsuma, sasa mpangaji wa chumba kimoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shamba langu, hujambo?"

Mwaka uliofuata simu ya ofisini ikalia.

"Abee?"

"Kheri, mpenzi. Niko Dubai, natengeneza simu za watu. Najua hukuniuza. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Rudi unioe."

"Nikuweke wapi? Mama akikuona analiona shamba."

"Betri yako itakwisha."

"Haiishi. Imelala kutwa kwa njia yangu. Ina chaji tele."

Kila mmoja akangoja simu ikatike yenyewe. Haikukatika. Ikabidi Mwanakheri aiweke chini kwa mkono wake.