Viatu vya Refa

Kila siku akitoka shule, Chiriku alitupa mkoba nyuma ya mlango, akanawa mikono, akala upesi upesi kama mtu anayefukuzwa, kisha akaenda kukalia kiti chake katika karakana ya shangazi yake. Kiti chenyewe kilikuwa gunia lililojaa vipande vya ngozi vilivyobaki kazini. Aliketi hapo kwa maringo, akapaka uzi nta na kusimulia habari zote za shule, zikiwemo zile ambazo hakuna aliyeziuliza. Ndiyo maana shangazi alimwita Chiriku, na mtaa mzima ukalishika jina hilo.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ilikuwa na mlango mmoja, dirisha moja la nondo, na harufu ya gundi iliyowafuata mpaka kitandani. Mikanda ilining'inia ukutani, viatu vilipangwa rafuni, na meza kubwa ya kukatia ilichukua nafasi yote iliyobaki. Shangazi alijulikana kwa mambo mawili: mshono wake haukufumuka, na ahadi yake haikuvunjika.

"Kiatu cha dukani kimeshonewa mtu yeyote," alipenda kusema. "Cha oda kimeshonewa mtu fulani. Ukimkosea huyo, huna wa kumpa."

Chiriku aliruhusiwa kupaka gundi na kupiga soli msasa. Kukata, bado. "Uzi ukikosea unafumua," shangazi alimwambia kila alipoomba kisu. "Ngozi ukishaipitisha kisu, imepita. Subiri, mwanangu. Siku yako itafika." Chiriku alikubali kwa mdomo, lakini moyoni alishawakatia viatu ukoo mzima.

Oda iliyoleta matatizo ilikuwa ya Refa. Mzee huyu alichezesha mechi za watoto kwa miaka mingi, mpaka kisukari kikamkalisha. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikatwa hospitalini, na mguu wenyewe ukawa umevimba kuliko mwenzake. Binti yake, ambaye alikuwa muuguzi, ndiye aliyekuja karakana.

"Fundi, naomba viatu vya ngozi laini, visivyo na mshono wa kumkwaruza ndani," alisema. "Miguu ya baba haisikii maumivu vizuri. Anaweza kuumia asijue, na kidonda kwake si jambo dogo. Nimemkataza kutoka nje mpaka avipate."

Shangazi na Chiriku wakaenda kumpima. Walimkuta Refa kwenye kiti karibu na dirisha, akiwachezesha kwa sauti watoto wa mtaa waliokuwa nje. "Faulo hiyo! Mwachie mwenzio mpira!" Shangazi alimsimamisha juu ya karatasi ngumu, akachora mguu mmoja, kisha wa pili, kila mmoja peke yake.

"Chora taratibu, fundi," Refa alisema. "Huo wa kulia, mchezaji mmoja ameshapewa kadi nyekundu."

Chiriku alicheka mpaka akashika tumbo. Refa alicheka pia, kisha akatazama nje. "Unajua, mjukuu wangu, chumba hiki nimekihesabu mpaka nyufa zake. Jumamosi ni fainali ya shule. Wameniomba nikabidhi kombe."

"Jumamosi utakuwa na viatu, mzee," shangazi alisema. Muuza ngozi alikuwa amemwahidi ngozi laini ya mbuzi siku ya Jumatano, na mtu huyo hakuwahi kumwangusha.

Jumatano shangazi alikwenda kupima mikanda ya walinzi wa kiwanda. "Ngozi ikija, ipokee, ifunike kwa kitambaa," alimwagiza Chiriku. "Usiiguse mpaka nirudi."

Muuza ngozi alifika na pikipiki yake, mizigo imefungwa nyuma mpaka yeye mwenyewe haonekani. "Mwambie shangazi nimetimiza," alisema. "Sasa naelekea vijijini kununua ngozi. Huko simu ni ya kubahatisha. Tutaonana wiki ijayo." Akaondoka.

Chiriku aliifunua ngozi aipapase kidogo tu. Ilikuwa laini kama sikio la mtoto mchanga. Akaiweka mezani aione vizuri. Akaleta vielelezo vya karatasi ngumu ambavyo shangazi alivitengeneza kwa miguu ya Refa, aone kama vinatosha. Vilitosha. Shangazi angerudi amechoka, akaikuta kazi imeshakatwa, angefurahi namna gani? Wazo hilo lilimpanda kichwani, na hapo hapo likaota mizizi.

Ili wino usiuchafue uso wa ngozi, Chiriku aliigeuza na kuchora upande wa nyuma. Alishamwona shangazi akifanya hivyo. Alichora polepole, akakata polepole, ulimi ukiwa nje pembeni mwa mdomo. Alipomaliza alivigeuza vipande, akavilinganisha na michoro ya miguu. Havikulingana.

Shangazi alipochora upande wa nyuma, kila mara alikigeuza kielelezo kifudifudi. Chiriku hakuwahi kuliona hilo. Asiyegeuza, kipande chake cha kulia hutoka cha kushoto, na cha kushoto hutoka cha kulia. Kwa mteja mwingine kosa hilo lingejifuta lenyewe, maana angevibadilisha tu na jozi ingebaki jozi. Lakini miguu ya Refa haikuwa jozi. Nafasi ya uvimbe sasa ilikuwa kwenye mguu wa kushoto, ambao haukuvimba, na mguu wa kulia uliachiwa kiatu chembamba ambacho usingeingia. Na ngozi ilikuwa imekwisha.

Aliposikia lango likilia, Chiriku alivisukuma vipande vyote chini kabisa ya gunia, akalikalia.

"Ngozi imekuja?" shangazi aliuliza akivua viatu.

"Bado," Chiriku alijibu. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lilitoka kabla hajaamua kulisema.

Tangu hapo karakana ilimgeukia. Chumba kilekile alichokipenda sasa kilimbana kifua. Shangazi alipiga simu kwa muuza ngozi asubuhi, mchana na jioni, na kila alipoiweka simu sikioni, Chiriku aliacha kupumua mpaka sauti iseme kwamba namba haipatikani. Shangazi alipotaka kipande cha kuwekea kiraka, Chiriku aliruka kumchagulia kutoka juu ya gunia, kisha akaketi tena haraka. Hata alipobanwa na haja, alivumilia. Usiku aliota gunia linaongea, na lilikuwa na maneno mengi kuliko yeye.

"Una nini wewe?" shangazi alimuuliza Alhamisi. "Leo umekula mwiko? Sijasikia habari hata moja ya shule."

"Koo linauma," Chiriku alisema. Sasa alikuwa na uongo wa pili wa kuulinda ule wa kwanza, na kwa ajili ya huo wa pili akanyweshwa maji ya chumvi ya moto mpaka machozi yakamtoka.

Ijumaa shangazi aliuliza madukani, asipate ngozi ya namna ile. Alirudi akaketi bila kuvua mtandio. "Miaka yote hii nimemwamini mtu huyu," alisema, akimaanisha muuza ngozi. "Leo ameniaibisha kwa mgonjwa. Akirudi, namwambia apeleke biashara yake kwingine." Kisha akamtuma Chiriku kwa Refa akaombe radhi kwamba viatu vimechelewa.

Chiriku alitembea kama anayepelekwa mahakamani. Refa alimpokea dirishani kwa uso mkunjufu. Alipoupata ujumbe, tabasamu lilibaki mdomoni lakini machoni likaondoka.

"Basi, si kosa lenu," alisema. "Mshukuru shangazi. Na wewe usihuzunike hivyo, mjukuu wangu. Hujanikosea kitu."

Chiriku alitaka ardhi ipasuke. Alifungua mdomo aseme, akaona jinsi shangazi angemtazama, akaufunga. Aliaga na kurudi kwenye gunia lake.

Jumapili asubuhi muuguzi alikuja karakana, bado amevaa sare ya kazi. Alieleza kwamba Refa hakuweza kuvumilia. Jumamosi, binti yake akiwa zamuni, alivaa viatu vyake vya zamani akaenda uwanjani kukabidhi kombe. Viatu vikamla mguu wa kulia, naye asihisi kitu.

Shangazi alichukua mtandio, akamshika Chiriku mkono, wakaongozana na muuguzi mpaka kwa Refa. Mzee alikuwa kwenye kiti kilekile, mguu umelazwa juu ya mto, umefungwa bendeji nyeupe. Nje watoto walicheza mpira, lakini siku hiyo hakuna aliyewapigia kelele.

"Nimefanya utoto, fundi," alisema. "Lakini nilipovua soksi nikaona damu, nilimpigia binti yangu saa ileile. Nilijua atanifokea, na alinifokea kweli. Ila kidonda kimeoshwa kingali kibichi."

"Ungekificha siku mbili tatu, baba, tungekuwa tunazungumza mengine hapa," muuguzi alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Shangazi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mzee. Ni yule muuza ngozi. Yeye ndiye aliyekuumiza. Akikanyaga kwangu tena—"

"Polepole," Refa alimkatiza kwa upole. "Usitoe kadi kwa faulo ambayo hukuiona. Msikilize kwanza."

Chiriku aliitazama bendeji. Aliwaza juu ya mtu aliye njiani na pikipiki yake, akirudi kwa furaha kwenye nyumba ambako ameshahukumiwa. Koo ambalo alilisingizia ugonjwa sasa liliuma kweli.

"Alikuja," alisema.

Wote watatu wakamgeukia.

"Muuza ngozi alikuja Jumatano. Ngozi niliipokea mimi. Nikaikata ili nikusaidie, shangazi, nikachora upande wa nyuma bila kugeuza vielelezo. Vipande viko chini ya gunia. Nikasema hajaja." Alilia, lakini aliendelea mpaka mwisho. "Babu, si kweli kwamba sijakukosea. Mguu wako nimeuumiza mimi."

Shangazi alikuwa amekasirika, na hakuficha: mshipa ulimsimama shingoni. Refa ndiye aliyesema kwanza. "Viatu vya zamani nilivivaa mwenyewe, hilo nalibeba mimi. Hayo mengine ni yako, na umeyabeba mwenyewe mpaka hapa. Nimekusamehe."

Waliporudi nyumbani, shangazi alilimwaga gunia, akavitoa vile vipande, akavitandaza mezani. Aliukagua mkato kwa kidole.

"Mkono wako ni mzuri," alisema mwishowe. "Hilo ndilo linaloniuma. Ungeniambia Jumatano, ningekuonyesha kosa, tungecheka, ningetafuta ngozi nyingine mapema. Muuza ngozi ukimwona, utamweleza wewe. Si mimi."

Jumatano iliyofuata pikipiki ilisimama mlangoni. Muuza ngozi aliingia akitabasamu, na Chiriku akamweleza yote kabla hajakalishwa: jinsi alivyomsingizia, na jinsi shangazi alivyokusudia kumfukuza. Mtu huyo alikuna kichwa kwa muda mrefu.

"Kumbe nilikuwa nasafiri na mimi ni mhalifu, sina habari," alisema. Kisha akamtazama shangazi. "Na wewe, dada, ukaamini?"

"Nikaamini," shangazi alikiri. "Nisamehe." Muuza ngozi alitoka, akafungua mzigo, akarudi na kipande cha ngozi laini ambacho alikuwa amemwekea mteja wa mji mwingine. Yule wa huko angengoja, alisema, maana yeye miguu yake ni mizima.

Shangazi aliitandaza ngozi mezani, upande wa nyuma juu. Kisha akachukua kisu, akampa Chiriku mpini.

"Mimi?" Chiriku alirudi nyuma. "Shangazi, mimi siwezi tena."

"Vigeuze vielelezo, uchore. Nitasimama hapa. Kabla hujakata, nitakagua."

Chiriku alivigeuza vielelezo, akachora. Mara mbili alisimama akauliza, na mara zote mbili shangazi alimjibu bila kumcheka. Shangazi akakagua, Chiriku akakata. Waliposhona, shangazi aliweka mshono nje ili ndani kusibaki kitu cha kumkwaruza mzee.

Kidonda cha Refa kilipona taratibu, kwa kuwa kilioshwa mapema. Muuguzi alipomruhusu, Chiriku mwenyewe alimvalisha viatu, cha kushoto, kisha cha kulia. Refa alisimama, akasogea mpaka mlangoni, akavuka kizingiti. Watoto waliokuwa wakicheza waliacha mpira wakamkimbilia. Alitembea nao mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akiwakemea njia nzima kwa faulo zao zote za wakati alipokuwa ndani.

Chiriku na shangazi waliketi kizingitini wakimtazama.

"Shangazi, bado umenikasirikia?"

"Kwa ngozi? Hapana. Ngozi ni mali, mali huharibika, na fundi ambaye hajaharibu hajafanya kazi." Shangazi alimvutia karibu. "Nilikasirika kwa sababu ya lile neno 'bado'. Ulipokata vibaya, aliyepata hasara ni mimi peke yangu, na nilikuwa naimudu. Ulipoficha, mzee akaumia, mtu mwema akaitwa mwongo, na wewe ukakaa juu ya gunia kama mfungwa anayejilinda mwenyewe. Kosa ukilisema likiwa dogo, mwanangu, watu wazima tupo tukusaidie. Usilisubiri likue, kwa sababu likishakua halikuulizi litamkanyaga nani."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha akavuta pumzi, akaanza kumsimulia habari za shule za wiki nzima, kuanzia mwanzo, na shangazi hakumkatiza.