Makoti ya Ylva

Jirani zangu, kaeni kidogo, jambo hili limenikaa kooni. Pale katika mji wa Uppsala, Alhamisi ni siku ya supu ya njegere na chapati za maji, na nyumbani kwa Torkel na mkewe Ylva siku hiyo ilikuwa na heshima ya pekee. Walipendana Alhamisi, katika jiko la pamoja la hosteli ya chuo, wamebanana na wenzao mbele ya televisheni moja wakitazama tamthilia ya walinzi wa mnara. Miaka kumi na miwili baadaye walikuwa bado wanainywa supu hiyo na kucheka mambo yale yale.

Kisha Torkel akafungua chaneli mtandaoni. Alitaka kuwaeleza watu, kwa video ndefu, kwa nini tamthilia walizozipenda chuoni zilikuwa na maana. Ylva alifurahi, akamnunulia kipaza sauti. Kwa kuwa makoti mazito huzuia mwangwi, Torkel alirekodi ndani ya kabati la makoti, amejikunja juu ya viatu, mlango umefungwa. Mwanzoni ilikuwa saa moja kwa wiki. Baadaye akawa akitoka kazini anaingia humo moja kwa moja.

Watazamaji walifika elfu mbili, na kila aliyeandika alijibiwa. Ylva akigonga kusema supu inapoa, alijibiwa, "Nakuja, nakuja!" Hakuja.

Ndipo akatokea mtazamaji aliyejiita Kijiko. "Umesema televisheni ilikuwa yako," aliandika. "Si kweli." Torkel alimjibu ndani ya dakika mbili, kwa adabu. Wiki iliyofuata Kijiko akarudi: "Kipindi cha mwisho ulilia, ukasingizia vitunguu."

Torkel akayasoma tena maneno hayo. Hilo walilijua watu wa jiko lile tu. Aliwapima mmoja mmoja kichwani, shaka ikamwangukia Melker, rafiki yake wa chumba cha pili, mwenye televisheni yenyewe. Akampigia simu.

"Kijiko ni wewe?"

"Kijiko gani? Bwana wee, nina mapacha wanaota meno. Muda wa kukuchokoza nautoa wapi?"

"Unanionea wivu, sema tu!"

"Nimwonee wivu mtu anayeishi kabatini?" Melker akacheka, na kwa Torkel kicheko kile kikawa ushahidi tosha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia Ylva walipopishana sebuleni. "Melker ananichimba."

Ylva alimtazama sana. "Na kama ni mtu anayetaka tu kuongea na wewe?"

"Si angegonga mlango?"

"Labda aligonga."

Torkel hakulisikia hilo. Alikuwa anasoma maoni.

Siku hiyohiyo akarekodi video akimtaja Melker kwa jina kuwa ni mnafiki. Watazamaji wakaongezeka. Melker hakubishana, alikata mawasiliano tu, na urafiki wa miaka yote ile ukaishia hapo.

Alhamisi iliyofuata, jioni mapema, Torkel alianza kurekodi na sauti ikatoka na mwangwi, kama anaongea ndani ya pipa. Akashuku kipaza sauti, akakikagua. Akashuku waya. Akamshuku hata Melker, ingawa Melker angeuleta vipi mwangwi ndani ya kabati la mtu, Mungu ndiye ajuaye. Simu ikalia, maoni mapya chini ya video. Ni Kijiko.

"Melker hana kosa, mwombe radhi. Vitunguu vile nilikuwa navikata mimi. Mlangoni nimegonga miezi saba. Humu ulinijibu kwa dakika mbili."

Torkel akainua macho. Upande wa kushoto, wa makoti ya Ylva, zilibaki hanga tupu. Hata lile koti la kijani halikuwepo, ambalo mkono wake ulimgusa shavu kila aliporekodi. Hakujua yaliondoka lini.

Akatoka mbio. Jiko lilikuwa la baridi, mezani hapana sahani. Akashika simu, na mahali pekee alipofikiria kumwandikia ni palepale chini ya video yake: "Ylva, uko wapi?" Akasubiri. Dakika mbili zikapita, kisha saa nzima.

FUNZO

Msomaji wangu, shaka ina macho ya mbali. Ilimtafuta adui mtaa wa pili, ikamruka mke aliyesimama mlangoni. Usiwe mwepesi kwa wageni na mzito kwa wa nyumbani kwako. Ukimchafua rafiki mbele ya watu elfu mbili, msafishe mbele ya watu haohao. Na mwenzio akigonga, fungua siku hiyohiyo, maana atakayechoka kugonga hatakuaga.