Nati Mbili za Juu

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kunywa uji, Naliaka na mdogo wake Masinde walifagia karakana ya baba yao, Bwana Wasike, karibu na reli mjini Nakuru. Waliokota misumari, kisha wakapanga spana kwa ukubwa. Naliaka, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa hodari wa kazi hiyo, na hodari zaidi wa kukuambia kwamba yeye ni hodari.

Jumamosi moja ya mwaka wa 1958 hawakufagia. Mzee Kiptanui alikuwa amekuja kutoka upande wa Eldama Ravine kuchukua mashine ya kusaga mahindi. Yeye na majirani zake walikuwa wamejinyima miaka miwili ili kuipata, maana wake zao walisaga kwa mawe hadi viganja vikaota sugu. Mashine ilikuwa ya chuma kitupu, nzito ajabu, nayo ingevutwa kwa trela nyuma ya pikapu kuukuu ya Bwana Wasike.

Kwenye bampa la pikapu palikuwa na ndoano ndogo. Mzee Kiptanui aliuliza kwa nini wasiitumie hiyo waondoke mapema. Bwana Wasike alikataa kabisa. Alieleza kwamba bampa ni bati tu, na mzigo ule ungeling'oa njiani. Alichagua bamba nene lenye ndoano kubwa, akalifunga kwa bolti nne kwenye chasisi, yaani mifupa ya gari yenyewe. Juu ya hayo aliongeza mnyororo wa tahadhari. Alipoitwa kusaidia kupakia mashine, nati zilikuwa bado hazijakazwa. Akawaachia watoto spana mbili: Naliaka akaze nati mbili za juu, Masinde mbili za chini.

"Atakayemaliza kwanza atakaa mbele na sisi," alisema. Mwingine angekaa kwenye trela kushikilia turubai.

Nati za juu zilijificha nyuma ya bomba la moshi. Spana iliteleza mara mbili, Naliaka akajichubua vidole. Masinde, mtoto wa miaka tisa, alikuwa ameshamaliza nati moja kwa kuning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote. Naliaka hakuwa tayari kushindwa na mtoto asiye na meno ya mbele. Alizungusha nati zake kwa vidole mpaka zikagusa bamba, akatoka mbio.

"Nimemaliza, Baba."

Baba alikuwa na haraka. Hakuinama kutazama.

Naliaka aliketi katikati ya baba yake na Mzee Kiptanui, magoti yamebanwa na gia. Hadi Rongai alijiona malkia. Kisha barabara ikawa mbaya, na huko nyuma kitu kikaanza kugonga. Baba alisema huenda ni mnyororo. Naliaka alijua kwamba si mnyororo.

Alitaka kusema, lakini kusema kulikuwa sawa na kukiri kwamba kiti alichokalia amekiiba. Alijiambia atasema kwenye kona inayofuata. Kona ilikuja ikapita, akajipangia nyingine. Mlango mmoja ulikuwa kwa baba, wa pili kwa mzee, naye katikati hakuwa na pa kwenda. Alipogeuka, aliona kupitia kioo cha nyuma Masinde amekumbatia mashine, amejaa vumbi, akimpungia mkono. Naliaka alishikwa na hofu.

Gari lilipoanza kupanda kilima, Mzee Kiptanui alichangamka. Alisema wakikimaliza kilima kile ni mteremko mtupu hadi Ravine.

"Baba, simamisha gari," Naliaka alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Sikuzikaza nati za juu. Nilidanganya."

Bwana Wasike alisimama taratibu mahali tambarare, akaweka mawe kwenye magurudumu, akaingia chini ya gari. Nati moja haikuwapo. Nyingine ilikuwa ukingoni kuanguka. Bamba lilikuwa limelala upande, na bolti za chini zimeanza kupinda. Alipotoka alimshusha Masinde kwenye trela, akamkumbatia kwa muda mrefu. Masinde alishangaa, kwa sababu baba yao hakuwa mtu wa kukumbatia watu ovyo.

Alipoelezwa mambo yote, Masinde aliuliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeshinda?"

"Wewe ndiye," Naliaka alisema, akaanza kulia.

Walifunga bolti mpya kutoka kwenye sanduku la vifaa. Naliaka alikaza zile za juu, na baba yake akajaribu moja moja kwa mkono wake. Alisema yeye pia amekosea: kazi kama ile hakupaswa kuifanya mashindano, wala kuondoka bila kukagua, na mtoto hatakaa tena juu ya trela. Wakakimaliza kilima, wakateremka wote wanne wamebanana mbele, Masinde mapajani mwa Mzee Kiptanui.

Walipofika, wanawake waliwapokea kwa vigelegele. Mzee Kiptanui aliwaambia kwamba msichana huyu ndiye aliyelisimamisha gari likiwa karibu kuangamia. Mkewe, Mama Chelagat, aliishika mikono ya Naliaka akamshukuru tena na tena. Naliaka alimtazama baba yake. Baba alikuwa akifungua kamba, wala hakumsaidia.

"Mama, mimi ndiye niliyeacha nati bila kuzikaza," Naliaka alisema. "Mashine yenu ingeingia bondeni kwa sababu yangu. Pamoja na ndugu yangu."

Bwana Wasike aliweka kamba chini, akaja akasimama karibu naye.

"Nilichagua ndoano nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo," alisema, "lakini chuma hakisikii mtu akisema amemaliza. Kinashika pale kilipokazwa tu. Ukikosea kazi, mwanangu, sema mapema. Na ukichelewa, sema hivyo hivyo, kama ulivyosema leo."

Mama Chelagat alikuwa bado hajaiachia mikono ya Naliaka.