Sindano Ikigusa Nyekundu

IJUMAA, SAA TATU ASUBUHI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la magodoro, Mtaa wa Sikukuu. Hakikuwa na dirisha. Abbasi alikalia kiti pekee kilichokuwemo. Uledi alijilaza juu ya godoro lililofungwa nailoni. Kitwana alisimama, maana hakuna aliyemwambia akae.

"Gereji iko Gerezani," Abbasi alisema. "Adhana ya Ijumaa ikilia, mafundi wa jirani wanaenda kuswali. Injinia anaenda kula. Kitwana, unafungua mlango kwa ufunguo wako. Uledi, unakata mnyororo. Kitwana unapanda pikipiki, unapita Mtaa wa Kongo, unatokea Msimbazi, unashuka Jangwani. Tajiri anakusubiri kule, kwenye godauni lake."

"Kongo watu wamejaa, kaka."

"Ndiyo maana. Gari la polisi haliingii Kongo. Mimi nitakuwepo pale mwanzoni, nakufungulia njia."

Uledi alicheka. "Yote haya kwa ajili ya bodaboda moja?"

Hakujua alichokuwa akikicheka. Mji mzima haukuwa na pikipiki nyingine kama ile. Injini za bodaboda hupozwa na upepo, na kwenye msongamano wa Kariakoo upepo utautoa wapi? Dereva anajikongoja nyuma ya mikokoteni huku injini inamchoma mapaja. Injinia Theopista alikuwa amebuni injini ndogo inayopozwa na maji. Vijia vyembamba vya maji viliizunguka silinda, na rejeta ilikaa ubavuni, mbali na magoti ya abiria. Kitwana ndiye dereva wake wa majaribio. Kila alipoichemsha barabarani, alirudi akaeleza ilichemka wapi na vipi, na Theopista akachonga upya kalibu, maumbo ya mbao ya kupigia chapa kwenye mchanga wa kumiminia chuma cha injini. Sasa ilikuwa tayari. Tajiri mmoja wa vipuri alitaka kuifungua, aiige, aiingize sokoni kabla ya mwenyewe.

"Kalibu zake msiguse," Kitwana alisema. "Tulikubaliana. Akibaki na kalibu atamimina injini nyingine."

"Mdogo wangu, mimi nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Mama yake Kitwana alipofariki, ndugu wote walituma salamu. Abbasi alikuja mwenyewe, akavua shati, akachimba kaburi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Kitwana hakuwa na rafiki wa pili. Theopista alikuwa mtu mwema, lakini jioni alifunga gereji akaenda kwa wanawe. Kitwana alirudi Ilala, kwenye chumba chake kimoja, akawasha redio ili pawe na sauti ya mtu. Upweke ule ulimuuma kama njaa, na Abbasi aliujua vizuri.

SAA SABA KASORO ROBO MCHANA

Adhana ililia. Mtaa ulipungua watu. Kitwana alifungua mlango kama siku zote, na wepesi ule ulimtia aibu. Uledi aliegesha nje guta lake, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, akaingia na mkasi wa chuma, akapiga magoti kwenye kona yenye giza. Aliubana mnyororo mara ya kwanza, mkasi ukateleza. Akalaani. Mara ya pili ukakatika.

"Toka. Mimi nafunga mlango."

Kitwana alipanda. Mbele yake sindano ya kipimo cha joto ililala chini, kwenye rangi ya kijani. Theopista alikuwa amemfundisha sheria moja tu, na aliirudia kila siku mpaka ikawa kero: sindano ikigusa nyekundu, zima. Hata ukiwa juu ya reli, zima. Ukikaidi, pistoni itang'ang'ania ndani ya silinda na injini imekufa.

Injini iliitika mara moja. Akatoka.

SAA SABA KASORO DAKIKA TANO

Mwanzoni mwa Kongo, Abbasi alisimama kati ya meza za mitumba, mkono juu, anawasogeza watu wa mikokoteni. Kitwana alimpita, akamwinulia kidevu kama ndugu anavyomsalimu ndugu.

Kisha akasikia nyuma yake: "Mwizi! Mwizi wa pikipiki huyo!"

Aliijua sauti ile. Ndiyo iliyoitikia dua kwenye kaburi la mama yake.

Akaelewa yote kwa mkupuo. Mtaa ukimkimbilia yeye, hakuna jicho litakaloliangalia guta la Uledi likipakia kalibu kule Gerezani. Hata Jangwani hakuna aliyekuwa akimsubiri; tangu mwanzo tajiri alitaka kalibu, na yeye alikuwa chambo. Machozi yalimtoka papo hapo, ndani ya helmeti.

Akavuta mafuta. Watu waliruka pembeni. Msimbazi ilionekana mbele, nyeupe kwa jua, angefika. Hapo ndipo alipohisi uvuguvugu kwenye muundi. Maji. Mkasi wa Uledi ulipoteleza ulikuwa umechana mpira wa rejeta.

Sindano ilipanda. Ikagusa nyekundu.

Mkono wake ukazima. Haukumuuliza.

Ngumi ya kwanza ilimwangusha. Baada ya hapo hakuhesabu. Mtu alisema, "Leteni tairi," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaagiza chai.

"Mwacheni. Huyo ni dereva wangu."

Theopista alikuwa akihema. Alikuwa mezani kwa mama lishe aliposikia injini yake ikipita, na hakuna nyingine Dar inayolia vile. Akaiacha sahani, akaikimbilia.

"Mama, huyu mwizi. Tumeambiwa."

"Aliyewaambia nani? Ajitokeze."

Hakujitokeza mtu.

"Pikipiki ni yangu, nimeiunda mwenyewe, na mimi ndiye niliyemtuma."

Watu walinung'unika, wakatawanyika. Theopista aliinama, akaukuta mpira uliochanika, akaikuta swichi imezimwa. Akasukuma kiki polepole kwa mkono. Pistoni ilitembea.

"Umezima," alisema. "Na huku watu wanakukimbiza."

"Ndiyo, dada."

Waliisukuma pikipiki mpaka Gerezani.

SAA SABA NA NUSU

Mlango ulikuwa wazi, na kufuli halikuvunjwa. Rafu ya kalibu ilikuwa tupu.

Theopista alishika ukingo wa rafu, akakaa chini sakafuni. "Kazi yangu yote," alisema. Kisha akaongeza, "Nenda, Kitwana. Nimesema mbele za watu kwamba si mwizi. Sitabadilisha. Ila usirudi."

Akapiga simu polisi. Kitwana alifika kizingitini, akamsikia anajibu kwamba hajui amshuku nani.

Njia ilikuwa nyeupe. Angetoka, asijulikane na mtu, na asiwe na mtu.

Akarudi. Akanyoosha mkono, akaipokea simu. Alitaja guta, na godauni la tajiri karibu na Jangwani. Alimtaja Uledi. Jina la Abbasi alilitaja la mwisho.

"Na wewe umejuaje yote hayo?" askari aliuliza.

"Mimi ndiye niliyewafungulia mlango."

Akataja jina lake, na la baba yake. Theopista aliichukua simu bila kumtazama. Kitwana alitoka nje, akasimama peke yake kwenye jua, akawasubiri polisi.