Jibu Alilotunga Nyanchera

Kila siku ya shule, saa kumi na nusu jioni, Nyanchera alipanda ngazi za jengo moja mjini Kisii hadi ofisi ya Bi Heena, alikofanya kazi mama yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba. Huko aliketi juu ya sanduku tupu na kufanya hesabu zake huku mama, Bathsheba, akimaliza kupiga chapa barua za siku. Ofisi ile iliuza ng'ambo vinyago vya mawe vilivyochongwa katika kijiji cha Tabaka, tembo na sahani hasa. Karani Ombati ndiye aliyevifunga kwa majani makavu ya migomba na kubandika anwani juu ya masanduku. Tangu mwaka uliotangulia, 1998, wateja walikuwa wakiandika kwa barua pepe. Kompyuta ilikuwa moja tu, na Nyanchera alijifunza kuchapa humo mpaka akamshinda mama yake kwa kasi.

Mwezi wa Machi mambo yaliharibika. Mteja aliyeagiza sahani alipelekewa tembo. Bi Heena alipouliza ni nani aliyebandika anwani, Ombati alijibu bila kupepesa macho, "Ni Bathsheba, Madam."

Nyanchera alikuwa amemwona kwa macho yake mwenyewe, Ombati huyohuyo, akibandika karatasi zile huku akipiga soga. Akafungua kinywa aseme. Mama akamkata jicho. Basi mbele ya wachongaji sita waliokuwa wameleta mizigo, mama, mtu mzima, akaomba radhi kwa kosa lisilo lake.

"Kwa nini hukusema?" Nyanchera aliuliza njiani.

"Neno langu na lake, nani angejua kweli ni ipi? Mimi kazi naitaka, mwanangu. Yaache."

Nyanchera hakuyaacha. Alilala nayo na kuamka nayo. Ombati alipomsalimu, "Habari ya shule, msichana?" alijibu "Nzuri" kwa adabu, huku moyoni akimwona amepiga magoti juu ya changarawe, akiomba msamaha na asipewe.

Nafasi ilikuja Aprili, shule zilipofungwa. Mama alipewa likizo ya juma moja aende Kenyenya kumuuguza nyanya, ambaye alikuwa amevunjika mguu. Bi Heena hakutaka wateja wadhani wamepuuzwa.

"Kompyuta inaweza kujibu yenyewe," mama alimweleza binti yake. "Tunaandika jibu mara moja, basi. Inaachwa imewashwa, kila jioni inapiga simu na kupokea barua, na kila aliyeandika anapata jibu hilo."

"Hata kama hapa hakuna mtu?"

"Hata mimi nikiwa Kenyenya nachuna mboga."

Nyanchera akachapa, mama akisema: yuko likizoni hadi tarehe kumi na tisa, mwenye jambo la haraka ampigie simu Bwana Ombati. Hapo Bi Heena akamwita mama stoo. Nyanchera akabaki peke yake na lile jina kwenye kioo. Akaufuta mstari wa mwisho, akaandika mwingine kwa Kiingereza chake cha shule, polepole, bila kosa hata moja la tahajia: "Kama una jambo la haraka, usimpigie Bwana Ombati. Ni mwongo. Yeye ndiye aliyempelekea tembo mtu wa sahani, kisha akamsingizia mwenzake."

"Umemaliza?" mama aliuliza mlangoni.

"Nimemaliza, mama." Hakuwahi kusema neno tamu kama lile.

Kule Kenyenya alikofuatana na mama, kila jioni Nyanchera akimenya ndizi za kupika, aliiwaza ile kompyuta ikipiga simu. Sasa Ujerumani wanajua. Sasa Uholanzi wanajua. Alicheka peke yake hadi nyanya, aliyelala na mguu wake uliofungwa, akamuuliza amesikia nini cha kuchekesha.

Alhamisi mjomba wake Osoro alifika mbio kutoka sokoni. Bi Heena alikuwa amepiga simu kwenye duka la huko na kuacha ujumbe. Bathsheba arudi mjini leo hii.

Nyanchera aliandamana na mama. Walimkuta Bi Heena amesimama, karatasi mkononi, na Ombati ameegemea ukuta.

"Mteja wa Uholanzi ananiuliza kama hii ni kampuni au uwanja wa matusi," alisema Bi Heena. "Amesimamisha oda ya vinyago mia tatu. Wachongaji wameweka patasi chini. Na jina lililoandikwa hapa ni lako, Bathsheba."

Siku zote hizo Nyanchera hakuwa amefikiria kwamba jibu lilitoka kwa jina la mama.

Mama alisoma mara mbili. "Si mimi, Madam." Kisha akageuka. "Ombati, ni wewe. Umeyaandika haya ili nifukuzwe mimi."

"Mimi? Hiyo kompyuta hata kuiwasha sijui!"

"Juma zima ufunguo ulikuwa nao wewe," alisema Bi Heena. "Bathsheba alikuwa Kenyenya. Chukua koti lako, Ombati."

Hiki ndicho Nyanchera alichokitamani tangu Machi. Ombati akibebeshwa mbele ya watu kosa asilolitenda. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Akaingoja raha yake, nayo ikaja, kali na tamu. Lakini akamtazama mama, kidole chake kikimwelekea Ombati, na raha ile ikachacha. Mama, ambaye hajawahi kumsingizia mtu, alikuwa anamsingizia mtu. Nyanchera ndiye aliyemfikisha hapo.

"Ni mimi niliyeandika," alisema.

Akaeleza yote, kutoka karatasi za anwani hadi ule mstari alioufuta. Alipomaliza, Ombati alikuwa ameketi juu ya sanduku, koti mapajani.

"Mtoto hakusema uongo, Madam," alisema bila kuinua uso. "Karatasi zile nilizibandika mimi."

Bi Heena hakumfukuza. Alimwamuru aombe radhi kwa Bathsheba mbele ya wachongaji walewale. Nyanchera alisimama nyuma akisikiliza, na nusu ya moyo wake bado ilitaka afukuzwe. Yeye mwenyewe alipewa kazi ya kuwaandikia wateja wote kumi na tisa waliopata lile jibu, mmoja mmoja, na kukiri. Mama aliandika jibu jipya kwa mkono wake, akarudi kumuuguza nyanya.

Jumatatu iliyofuata mteja wa Uholanzi alijibu kwamba oda iendelee, na huko Tabaka patasi zikaanza kulia tena. Mteja mmoja wa Ujerumani alikuwa bado hajaandikiwa. Kwa aibu, Nyanchera alikuwa ameiacha barua ya kumwandikia huyo iwe ya mwisho.

Mama, aliyekuwa amerudi kazini siku hiyo, alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Ulichoandika kilikuwa kweli," alisema. "Nami nilikosea kukunyamazisha siku ile. Lakini kweli uliyokuwa nayo uliificha nyuma ya jina langu, ukaitupa kama mtu anayerusha jiwe gizani. Jiwe la namna hiyo halichagui kichwa. Lingeniponda mimi, wachongaji na watoto wao, na Ombati kwa kosa ambalo si lake. Ukiwa na kweli, mwanangu, isimamie mchana, uso kwa uso, kwa jina lako. Ukishindwa kuisema hivyo, jua unachotaka ni kuumiza tu."

Nyanchera aliitikia kwa kichwa. Akaandika barua ya kumi na tisa, akaisoma tangu mwanzo, akaweka jina lake lote chini, na kuituma.